Je, Wajua? Nitrati hujificha chini ya mizizi ya mahindi

Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa nitrati, chakula ambacho mahindi hukifyonza kwa mizizi.

• Nitrati huyeyuka upesi majini. Ukimwaga mbolea yote siku ya kupanda, miche ikiwa bado na mizizi mifupi, mvua kubwa huizamisha sehemu yake isikofikika. Ndiyo maana mbolea ya kukuzia huwekwa baadaye, mahindi yanapofika magotini.

• Mvua za kwanza baada ya kiangazi huzalisha nitrati kwa wingi hata shambani pasipotiwa mbolea. Mtafiti H. F. Birch alilichunguza jambo hili huko Muguga, Kenya, miaka ya 1950. Anayepanda mapema huiwahi kabla haijasombwa.

• Magharibi mwa Kenya, watafiti wa miaka ya 1990 walikuta nitrati imelundikana kati ya nusu mita na mita 2 chini ya mashamba ya mahindi. Udongo mwekundu wa huko huishikilia. Miti ya sesibania, yenye mizizi mirefu, huivuta, na majani yake yakifukiwa huirudisha juu.

• Samadi nayo huzalisha nitrati. Usiirundike karibu na kisima: kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na ikizidi huwadhuru zaidi watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga.