Je, Wajua? Mkutubi Hajui Ulisoma Nini, na Ndivyo Inavyotakiwa

Je, wajua kwamba ile tiketi ya maktaba ya zamani, ya karatasi ngumu yenye kimfuko, ilitunza siri kuliko kompyuta nyingi za leo? Utaratibu wake unaitwa Browne, kwa jina la Nina Browne, mkutubi wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19, na ulienea katika maktaba zilizofuata desturi za Kiingereza, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki. Ulichagua kitabu, mkutubi akachomoa kadi iliyokaa ndani ya jalada, akaitia kwenye tiketi yako, akagonga muhuri wa tarehe, kisha vyote viwili vikalala kwenye trei nyembamba mezani pake. Ulipokirudisha, kadi ilirudi kitabuni na tiketi ikarudi mkononi mwako. Baada ya hapo hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba wewe uliwahi kukisoma.

Utaratibu mwingine ulikuwa kinyume chake: jina la kila mwazimaji liliandikwa kwenye kadi ya kitabu na likabaki hapo. Mwaka 2015 gazeti moja la Kobe, Japani, lilichapisha kadi za namna hiyo kutoka shule ya sekondari aliyosoma Haruki Murakami, na nchi nzima ikajua mwandishi huyo mashuhuri aliazima vitabu gani alipokuwa kijana. Mashabiki walifurahi. Chama cha Maktaba cha Japani hakikufurahi hata kidogo: kilisema faragha ya wasomaji imevunjwa, maana kadi hizo zilikuwa na majina ya wanafunzi wengine pia, ambao hakuna aliyewauliza.

Je, wajua kwamba programu nyingi za maktaba za leo hukata uzi kati ya jina lako na kitabu mara tu unapokirudisha? Maktaba inabaki na hesabu kwamba kitabu kimeazimwa mara kumi na nne, bila kujua na nani. Isipokuwa umekichelewesha. Ukiwa na faini, uzi haukatwi mpaka ulipe. Kwa hiyo mwenye deni la maktaba hadaiwi pesa tu. Siri yake nayo imewekwa rehani.

Tabia hii ya kusahau haikuja yenyewe. Mwaka 1970 maofisa wa mamlaka ya kodi ya Marekani walipita kwenye maktaba za miji kadhaa, Milwaukee ikiwa mmojawapo, wakitaka majina ya walioazima vitabu vya baruti na milipuko. Januari 1971 Chama cha Maktaba cha Marekani kikajibu kwa azimio: kumbukumbu za msomaji ni siri, na asiye na amri halali ya kisheria asipewe.

Mwaka uliofuata azimio hilo lilipata mtu wa kulilipia. Zoia Horn, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Pennsylvania, aliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya wapinzani wa vita vya Vietnam waliodaiwa kupanga kumteka Henry Kissinger, mshauri wa rais. Mtoa habari wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, alikuwa amefanya kazi ndani ya maktaba ileile. Horn alikataa kusema lolote mahakamani, akakaa jela siku 20. Alitoka pale tu kesi ilipomalizika.

Je, wajua kwamba Florida ilitunga sheria ya siri za maktaba mwaka 1978, na leo majimbo 48 kati ya 50 yana sheria za namna hiyo? Mawili yaliyobaki ni Hawaii na Kentucky. Huko kinga inatokana na maoni rasmi ya mwanasheria mkuu wa jimbo.

Na je, wajua kwamba sheria ya nchi nzima ya Marekani inalinda kanda za video ulizokodi, lakini haina kifungu kama hicho kwa vitabu ulivyoazima? Mwaka 1987 Robert Bork alipendekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, na gazeti moja la Washington likapata orodha ya kanda 146 zilizokodiwa na familia yake. Hazikuwa na lolote la aibu. Lakini wabunge walijiona wenyewe katika kioo hicho, na mwaka 1988 sheria ikapita. Muswada wa mwanzo ulitaja na maktaba. Sehemu hiyo iliondolewa njiani. Mtu akikuambia wabunge hulinda kwanza kile wanachokiogopea wao, una mfano wa kumpa.

Sasa njoo Connecticut, maana hapa pana kisa.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Patriot, Oktoba 2001. FBI ilipata nguvu mpya za kudai kumbukumbu, za maktaba zikiwemo, na ikaruhusiwa kumfunga mdomo aliyedaiwa. Wakutubi walilalamika. Mwanasheria Mkuu wa nchi, John Ashcroft, akawakejeli mwaka 2003 kwamba wanapagawa bure.

Julai 2005 maofisa wawili wa FBI walifika Windsor, Connecticut, kwa George Christian, mkurugenzi wa shirika dogo lililoendesha mitambo ya kompyuta ya maktaba zaidi ya ishirini za jimbo hilo. Walimkabidhi barua isiyo na saini ya jaji. Walitaka taarifa zote za waliotumia anwani fulani ya intaneti tarehe 15 Februari mwaka huo, kwa muda wa dakika 45 tu za alasiri. Na barua ilimkataza kumwambia mtu yeyote, milele, kwamba ameipokea.

Christian alikaa na viongozi wenzake watatu wa bodi, Barbara Bailey, Peter Chase na Janet Nocek, wakaamua kushtaki. Hapo ndipo vichekesho vilipoanza. Kwa kuwa utambulisho wao ulikuwa siri ya taifa, hawakuruhusiwa kukaa ndani ya mahakama kwenye kesi waliyoifungua wenyewe mjini Bridgeport. Walifungiwa kwenye chumba cha mahakama nyingine, mjini Hartford, wakaitazama kesi yao kwenye televisheni. Baadaye serikali ilipofuta majina kwenye nyaraka za kesi, ilisahau kufuta sehemu fulani, na gazeti la New York Times likaligundua jina la shirika. Nchi nzima ikajua. Wao wanne wakaendelea kukatazwa kusema.

Jaji alikwisha kusema, Septemba 2005, kwamba katazo hilo linavunja katiba, lakini rufaa ilifanya vinywa viendelee kufungwa. Vilifunguliwa majira ya kuchipua ya 2006, baada ya Bunge kumaliza kujadili na kuihuisha sheria ya Patriot. Yaani mashahidi waliokuwa na habari muhimu kuliko wote waliruhusiwa kusema baada ya kikao kufungwa. Wiki chache baadaye FBI ikaacha kudai zile kumbukumbu kabisa.

Je, wajua kwamba katika miaka hiyo mkutubi wa Vermont, Jessamyn West, alibuni tangazo la kubandika ukutani lisemalo kuwa FBI haijafika hapa, na msomaji aangalie kama tangazo litaondolewa? Sheria ilikataza kusema kwamba wamefika. Haikukataza kusema kwamba hawajafika. Mpwani angeliita fumbo.

Mwaka 2015 maktaba ya Kilton, West Lebanon, New Hampshire, ilijiunga na Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano kwenye vituo vingi ili anayeyafuatilia asijue yametoka wapi. Idara ya Usalama wa Ndani ilituma ujumbe, polisi wa mji wakafika kwa mazungumzo, mtambo ukazimwa. Septemba bodi ilikutana mbele ya wakazi waliojaa ukumbini, ikaamua uwashwe tena.

Tukiwa kwenye intaneti: je, wajua kwamba maktaba nyingi za umma Marekani huweka vichujio vya kuzuia picha chafu si kwa sababu zinapenda, bali kwa sababu ya punguzo la bei? Serikali kuu huzipunguzia gharama za intaneti kwa asilimia 20 hadi 90, kwa kutegemea umaskini wa eneo. Sheria iliyosainiwa na Rais Clinton Desemba 2000 inasema anayetaka punguzo hilo la intaneti aweke kichujio. Maktaba zilikwenda mahakamani, zikashindwa Juni 2003, majaji sita kwa watatu. Lakini soma mpaka chini. Sheria inahusu picha, si maandishi. Mtu mzima akiwa na shughuli halali anaweza kuomba kichujio kizimwe, na serikali yenyewe iliwaambia majaji kwamba hahitaji kueleza sababu. Na kuna kifungu kinachosema wazi kwamba hakuna kitu katika sheria hiyo kinachoilazimisha maktaba kufuatilia nani kaangalia nini.

Kuhusu akili ya vichujio, niseme machache. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujisajili na kampuni ya intaneti ya AOL kwa sababu mashine iliona tusi katikati ya jina la mji wao. Kichujio cha namna hiyo ukikiuliza habari za saratani ya matiti, kinashika neno moja na kuliacha lingine.

Ukikaa kwenye kompyuta ya maktaba ya umma Marekani, angalia kona ya skrini. Umeingiza namba ya kadi na namba ya siri, saa inahesabu kurudi nyuma kutoka dakika sitini. Zikibaki tano, inakuonya. Ikifika sifuri, mashine inajizima na kujiwasha, na kila ulichokiacha, barua ya kazi uliyoisahau kuihifadhi ikiwemo, kimekwenda na maji. Anayekaa baada yako anakuta kompyuta kama iliyotoka dukani. Wengi huilaani saa ile. Mimi naona ndiyo mfanyakazi mwaminifu kuliko wote mle ndani.

Na vyumba vya mikutano? Hapa kanuni ni fupi kuliko maelezo yake: maktaba ya umma Marekani hailazimiki kuwa na chumba cha kuazimisha, lakini ikishawafungulia watu wa nje, haiwezi kuchagua wageni kwa maoni yao. Inaweza kupanga saa, kukataza kuuza bidhaa, kukataza sambusa zenye mafuta juu ya zulia. Mji wa Oxford, Mississippi, ulijifunza hili mwaka 1989. Maktaba ilikuwa imeruhusu makundi ya kila aina kutumia ukumbi wake, kisha ikawakatalia akina mama waliotaka kujadili familia na siasa kwa mtazamo wa Biblia na kuomba pamoja. Mahakama ya rufaa ikasema wafunguliwe.

Uchungu wa kanuni hiyo ni kwamba inawabeba hata wasiobebeka. Juni 2018 Chama cha Maktaba cha Marekani kiliandika katika mwongozo wake kwamba makundi ya chuki nayo hayawezi kukatazwa chumba kwa sababu ya imani yao tu. Wakutubi weusi na wengine wengi walikuja juu. Agosti mwongozo ukafutwa, na Januari 2019 ukatoka mwingine ambao unatumia maneno mengi zaidi. Sheria yenyewe haikubadilika hata nukta.

Je, wajua kwamba kukaa kimya maktabani kuliwahi kuwa kosa la jinai? Machi 1964, mjini Clinton, Louisiana, vijana watano weusi waliingia kwenye chumba cha kusomea cha maktaba. Mmoja wao, Henry Brown, aliomba kitabu cha Arna Bontemps kuhusu historia ya watu weusi. Hakikuwepo, mkutubi akasema ataagiza. Vijana hawakuondoka. Brown alikaa kitini, wengine wakasimama karibu naye, kimya. Dakika kama kumi hivi, polisi wakawakamata kwa kuvuruga amani. Wakati huo wilaya ilikuwa na magari mawili ya vitabu, jekundu kwa Wazungu na la buluu kwa weusi. Kitabu kilikuja kweli baadaye kwa posta, na maelezo kwamba kirudishwe kwa posta au kwenye gari la buluu. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu iliwafutia hatia, majaji watano kwa wanne.

Nairobi ina ndugu wa kisa hicho. Maktaba ya McMillan, yenye nguzo zake na simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi ukoloni ulipokaribia kwisha.

Je, wajua kwamba haki ya kuingia maktaba haimaanishi haki ya kunuka? Mji wa Morristown, New Jersey, uliweka kanuni kuhusu harufu na kukodolea watu macho, na mtu mmoja asiye na makazi akaipeleka mahakamani. Alishinda mwaka 1991, akashindwa kwenye rufaa mwaka 1992. Hata hivyo majaji wale wa rufaa ndio walioandika kwamba katiba inalinda haki ya mtu kupata maarifa maktabani. Naye hakutoka mikono mitupu: alilipwa zaidi ya dola 200,000 kumaliza madai yake.

Tena jambo dogo. Ukiagiza kitabu katika maktaba nyingi za Marekani, unakikuta kwenye rafu ya wazi karibu na mlango, kimechomekwa karatasi yenye herufi chache za jina na tarakimu nne za mwisho za kadi. Jina zima halipo, na kuna maktaba zinazogeuza mgongo wa kitabu ukutani. Jirani yako aliyekuja kuchukua kitabu cha mapishi hatajua kwamba wewe umeagiza cha talaka.

Kwetu, kitabu cha kuogopa si kile cha rafuni, ni daftari la mapokezi: jina, namba ya simu, unakotoka, saa ya kuingia, sahihi. Aliyeingia nyuma yako anaisoma namba yako wakati anaandika yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitakia nini. Basi safari ijayo, kabla hujashika kalamu, muulize mhudumu kwa adabu: ndugu yangu, daftari hili likijaa linakwenda wapi?