Vitabu vya watoto na ubaguzi wa rangi

Vitabu vya watoto kuhusu ubaguzi wa rangi ni hadithi, hasa zenye picha, ambazo wazazi na walimu huzitumia kuzungumza na watoto juu ya tofauti za rangi ya ngozi na madhara ya kumbagua mtu kwa sababu hiyo. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa fasihi ya watoto nchini Marekani, alifananisha vitabu na vioo na madirisha: ndani yake mtoto hujiona mwenyewe, tena huona maisha ya wengine.

Afrika Mashariki

Wakati wa ukoloni, shule za Tanganyika zilitenganisha Wazungu, Waasia na Waafrika. Utaratibu huo uliondolewa baada ya uhuru wa mwaka 1961. Hata hivyo, dharau ya rangi hutokea pia kati ya Waafrika wenyewe. Kitabu Sulwe (2019) cha mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o kinamhusu msichana mwenye ngozi nyeusi kuliko ndugu zake, anayetamani kuwa mweupe. Jina lake maana yake ni "nyota" kwa Kijaluo.

Watoto wenye ualbino

Nchini Tanzania wanaobaguliwa kwa rangi ni pamoja na watu wenye ualbino. Hali hiyo husababishwa na upungufu wa melanini unaorithiwa kwa kawaida kutoka kwa wazazi wote wawili. Si laana wala mkosi. Imani za kishirikina zimesababisha mauaji na kukatwa viungo. Mwaka 2013, mkoani Rukwa, mtoto wa miaka 10 alikatwa mkono alipokuwa akirudi kutoka shuleni.

Hadithi inayomwonyesha mtoto mwenye ualbino akisoma na kucheza na wenzake humpa mzazi mahali pa kuanzia mazungumzo. Katika kata ya Izia, mjini Sumbawanga, mzazi anaweza kusoma kwa Kiswahili na kufafanua kwa Kifipa.

Namna ya kuzungumza

Kusoma peke yake hakutoshi. Msomaji husimama kwenye picha na kuuliza: huyu anajisikiaje? Wenzake wangefanya nini? Mtoto akiuliza kuhusu rangi hakaripiwi, kwa sababu akinyamazishwa hubaki na majibu ya mtaani. Pia huelezwa kwa nini jina kama "zeruzeru" huumiza.

Kitabu kinachomwonyesha mhusika kama mtu wa kuhurumiwa tu kinaweza kuendeleza dharau. Kinachofaa zaidi humpa mhusika huyo marafiki, akili na makosa kama mtoto mwingine yeyote.