HEKALU LA NAKSANSA: MAHALI PALIPOUNGUA PAKAJENGWA TENA

Katika pwani ya mashariki ya Korea ya Kusini, wilayani Yangyang, kiko kilima chenye misonobari mingi kilichosimama kando ya bahari. Juu yake limejengwa hekalu la watu wa dini ya Budha, liitwalo Naksansa. Yasimuliwa kwamba mtawa Uisang, aliporejea kutoka masomoni Uchina, alilianzisha mwaka 671, kwa heshima ya Gwaneum, ambaye waumini humtazamia kuwa mwenye huruma na msikivu wa vilio vya wanadamu.

Mgeni apandaye kilima hupita kwanza chini ya lango la mawe, Hongyemun, lililojengwa mwaka 1467, zamani za Mfalme Sejo. Mawe ya tao lake ni 26, nayo husemwa kuwa yaliletwa na wilaya 26 za jimbo hilo, kila wilaya jiwe moja. Akiendelea hufika penye sanamu ya Gwaneum, yenye kimo cha mita 16, iliyosimamishwa mwaka 1977. Hapo huiona bahari imetandazwa mbele yake hata upeo wa macho. Upande wa chini, ukingoni mwa jabali, kiko kibanda cha ibada kiitwacho Hongryeonam. Sakafuni mwake mna tundu dogo, na mwenye kuinama na kuchungulia huyaona mawimbi yakivunjika pangoni chini yake.

Lakini mgeni asidhani kwamba yote ayaonayo ni ya kale. Majengo mengi ni mapya, na sababu yake yafaa ijulikane.

Nyuma ya pwani hiyo imesimama milima mirefu ya Taebaek. Wakati wa majira ya kuchipua, upepo huivuka milima hiyo kutoka magharibi, kisha huteremka kwa nguvu kuelekea baharini. Katika kuteremka huzidi kupata joto na kukauka, hata majani yaliyoanguka msituni huwa kama makoa makavu yangojayo cheche. Tena msonobari una utomvu, nao huwaka upesi mno.

Usiku wa tarehe 4 Aprili 2005 moto ulizuka msituni. Asubuhi yake, siku ambayo Wakorea wameitenga kwa kupanda miti, ilidhaniwa kwamba umekwisha kushindwa. Kumbe makaa yalikuwa hai bado. Alasiri upepo uliyafufua, nao moto ukarukia hekalu. Ukumbi mkuu uliteketea, pamoja na majengo mengine mengi ya mbao. Kengele ya shaba, ambayo Mfalme Yejong aliifanyiza mwaka 1469 kwa ukumbusho wa baba yake Sejo, iliyeyuka ikawa donge lisilo na umbo.

Hata hivyo si vyote vilivyopotea. Sanamu ya Gwaneum iliyokuwa ndani ya ukumbi mkuu iliokolewa, kwa kuwa iliwahi kutolewa. Mnara wa mawe wenye orofa saba ulibaki umesimama uani, na kibanda cha jabalini hakikuguswa.

Kazi ya kujenga upya ilifanywa kwa uangalifu. Mafundi waliichunguza misingi iliyofukuliwa ardhini, wakaitazama na picha ya hekalu iliyochorwa na Kim Hong-do katika karne ya 18, ili wajue kila jengo lilikuwa wapi zamani. Kengele mpya yenye sura ya ile ya kale iliumbwa mwaka 2006, na ukumbi mkuu ulikamilika mwaka 2007. Serikali nayo ilianza kuweka mitambo ya kumwaga maji katika mahekalu makubwa ya mbao, ili moto ukija ukute watu wako tayari.

Basi mtu asimamaye juu ya kilima hicho, akipigwa na upepo wa bahari, hutazama mambo mawili pamoja: uzuri wa mahali, na bidii ya waliokataa pasahauliwe. Na lililo kubwa kupita yote ni fundisho la asubuhi ile: moto uliofifia si moto uliozimika. Mwenye kuuacha na kwenda zake apaswa kwanza kuhakikisha kwamba majivu yamepoa.