Mvua ya Februari iliyogeuza mahindi kuwa sumu

Na Mwandishi Wetu

MVUA ni baraka, na kwa mkazi wa Kibwezi hakuna habari njema kuliko wingu jeusi linapotanda juu ya vilima vya Chyulu. Lakini mwaka wa 2004 mvua ilifika kabla ya wakati wake, ikayakuta mahindi yakivunwa. Kufikia Julai mwaka huo, watu 125 walikuwa wameaga dunia.

Hawakufa kwa mafuriko wala kwa kipindupindu. Waliuawa na chakula chao wenyewe: ugali, uji na mahindi ya kuchemsha kwa maharagwe.

Kisa hiki hakimhusu mkulima wa Makueni peke yake. Kila baada ya mavuno, mabasi ya barabara ya Mombasa huingia Nairobi yakiwa na magunia ambayo wazazi wamewatumia watoto wao walioko mjini. Je, msomaji, unajua gunia lako lilikaushwa vipi?

MISIMU MIWILI

Kibwezi iko umbali wa kilomita 200 hivi kutoka Nairobi, kwenye nyanda kavu za Makueni. Hupata mvua mara mbili kwa mwaka: mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Kwingi nchini Kenya masika ndiyo tegemeo la mkulima. Ukambani mambo ni kinyume. Masika ya huko hudanganya mara kwa mara, na jamii nyingi hutegemea vuli.

Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za vuli huvunwa Januari na Februari, wakati jua ni kali. Jua hilo ndilo mashine ya kukaushia isiyolipiwa hata senti. Mkulima huanika, hupukuchua, kisha huhifadhi ghalani hadi msimu mwingine.

Mwaka wa 2004 mashine hiyo ilikosa kufanya kazi. Mvua zilianza mapema, mwezi wa Februari, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yanatoka shambani. Kwa kuwa chakula kilikuwa haba na wezi walihofiwa, watu wengi waliyaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba walimolala badala ya kuyaweka ghalani. Humo yakakaa kwa joto na unyevu, bila hewa ya kutosha.

UKAME KWANZA, UNYEVU BAADAYE

Kuvu inayoleta balaa hili huitwa Aspergillus flavus. Huishi mchangani, na hushambulia mahindi na njugu karanga. Mmea uliodhoofishwa na ukame hauna nguvu za kuizuia, na punje zilizotobolewa na wadudu huifungulia mlango. Kuvu ikishaingia, kinachobaki ni kusubiri joto na unyevu ili izae sumu iitwayo aflatoksini.

Ndiyo maana hali ya hewa ya Ukambani ni ya hatari mara mbili. Ukame huitayarisha punje shambani, na mvua isiyo na wakati humaliza kazi nyumbani.

MIEZI YA MSIBA

Wagonjwa walianza kufika hospitalini wakilalamika maumivu ya tumbo na kutapika. Macho yao yalikuwa ya manjano. Wengine matumbo yalivimba kwa kujaa maji. Hizo zote ni dalili za ini linaloshindwa kufanya kazi.

Maafisa wa afya walipima na kuona kwamba hayakuwa maradhi ya ini yaletwayo na virusi. Kwa kuwa eneo hilo lilikuwa limewahi kupatwa na msiba kama huo, waliyashuku mahindi, nao hawakukosea. Sampuli nyingine zilikutwa na kiasi cha mikrogramu 4,400 za sumu hiyo katika kilo moja. Kiwango kilichoruhusiwa nchini wakati huo kilikuwa mikrogramu 20, yaani sumu ilizidi mara 220.

Uchunguzi ulipofikishwa masokoni, zaidi ya nusu ya sampuli 350 za mahindi na unga zilipita kiwango hicho. Hii ina maana kwamba hata aliyepoteza mavuno yake na kwenda kununua hakuwa salama.

Hadi kufikia Julai 20, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa. Watu wawili kati ya kila watano waliougua walifariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui, na wengine Machakos na Thika. Watafiti walipolinganisha nyumba za wagonjwa na za wanakijiji wenzao waliokuwa wazima, waliona tofauti: nyumba za wagonjwa ndizo zaidi zilizohifadhi mahindi yenye unyevu, na ndani ya nyumba.

Serikali ilipeleka mahindi mengine ili watu waache kula yale mabovu. Hata hivyo, visa vilitokea tena mwaka wa 2005 na 2006.

NJIWA NA MBWA WALITANGULIA

Msiba uliowakumbusha maafisa ulitokea mwaka wa 1981, wakati Makueni ingali sehemu ya wilaya ya Machakos. Kati ya Machi na Juni mwaka huo, watu 20 walilazwa katika hospitali tatu wakiwa na ugonjwa wa ini, na 12 kati yao wakafariki.

Kabla ya watu kuugua, njiwa wa eneo hilo walikuwa wamekufa, wakafuatwa na mbwa waliokula chakula kilekile. Ilikuwa ni ishara, ila hakuna aliyeweza kuisoma kwa wakati.

Hata ulimwengu uliijua sumu hii kupitia ndege. Mwaka wa 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu karanga kutoka Brazil. Wanasayansi walipotafuta sababu, ndipo walipoigundua aflatoksini.

INAVYODHURU MWILI

Mtu akila sumu nyingi kwa muda mfupi, ini huharibika ghafla. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Daktari humsaidia mgonjwa huku ini likijaribu kujiponya, na jambo la kwanza ni kuacha mara moja kula chakula kilichochafuka.

Lakini wakazi wa mijini wanapaswa kuhofia zaidi sumu kidogo kidogo, inayoliwa kila siku kwa miaka mingi. Hiyo huleta saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya virusi hivyo imekuwa ikitolewa kwa watoto wachanga nchini tangu 2001, hivyo mzazi asiikose kliniki. Aidha, sumu hii imehusishwa na watoto kudumaa.

USIDANGANYWE NA MOTO

Wako wanaosema kwamba ukichemsha sana, sumu hufa. Si kweli. Kuvu hufa kwa moto, lakini sumu iliyokwisha kuiacha ndani ya punje hubaki. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, ila hakuimalizi. Vilevile, mahindi yanaweza kuonekana masafi kwa macho na bado yakawa na sumu.

UFANYE NINI?

Kwanza, mahindi yakaushwe juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo mtupu. Unyevu usizidi asilimia 13.5.

Pili, jaribu kwa chumvi. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, utikise kwa dakika chache, kisha uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Isipoganda, endelea kuanika kidogo kwa usalama, kwani jaribio hili halioni unyevu mdogo.

Tatu, chambua. Ondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi. Usiwape kuku wala ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Nne, hifadhi magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Gunia la katani hupumua kuliko la nailoni. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri dhidi ya wadudu, lakini kwa mahindi yaliyokauka kabisa tu.

Tano, kula vyakula mbalimbali. Mtama, wimbi, muhogo na viazi vikipishana na mahindi mezani, mwili hupata nafuu.

Sita, macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi au tumbo likavimba, kimbia hospitalini na umwambie daktari ulichokula. Ikiwezekana, beba mfano wa unga huo.

MVUA ZITARUDI

Tangu misiba hiyo, Kenya imeshusha kiwango kinachoruhusiwa hadi mikrogramu 10 kwa kilo. Wakulima pia wanaweza kutumia Aflasafe, ambayo ni kuvu isiyo na sumu inayonyunyizwa shambani ili ichukue nafasi ya ile mbaya. Bidhaa hiyo iliidhinishwa nchini mwaka wa 2015.

Lakini anga halijatulia. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa haba katika sehemu kavu za Kenya. Kisha zikaja mvua kubwa za mwisho wa 2023 na mafuriko ya masika ya 2024. Ukame, halafu unyevu: ndiyo njia ileile ambayo kuvu hupenda kupita.

Kwa hivyo gunia lijalo likifika kutoka nyumbani, kabla hujapiga simu kuwashukuru wazazi, lifungue, uingize mkono hadi chini, na unuse. Kisha piga simu, shukuru, na uulize swali moja tu: yalianikwa siku ngapi?