Mnunuzi wa nyumba anapokuwa na kauli mezani

KWA miaka mingi mtu aliyetafuta nyumba ya kununua jijini Dar es Salaam alimwendea muuzaji kama mwombaji. Bei ilitajwa mara moja, na aliyesita kwa siku mbili alikuta nyumba imekwishachukuliwa na mwingine.

Hali hiyo ilianza kubadilika Julai 2016, Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alipotangaza kuwa Serikali inahamia Dodoma. Watumishi walifungasha mizigo, fedha zikawa adimu mitaani hadi watu wakasema "vyuma vimekaza", na maandishi ya "nyumba inauzwa" yakabaki ukutani hadi rangi ikapauka. Dodoma, iliyopewa hadhi ya jiji Aprili 2018, mambo yakawa kinyume: huko mwenye kiwanja ndiye aliyekuwa na kauli.

Funzo la kipindi hicho ni kwamba soko la nyumba halina sura moja. Hata ndani ya jiji moja, nyumba ya Masaki na ya Mbagala hazipandi wala kushuka bei kwa pamoja. Kwa hiyo kabla ya kutaja kiasi chochote, mnunuzi hana budi kujua mtaa anaotaka umekaa upande gani. Njia rahisi ni kuuliza nyumba imekuwa sokoni kwa muda gani na kwa nini inauzwa. Warithi wanaotaka kugawana mirathi, au mwenye nyumba anayefukuzwa na deni la benki, huongea tofauti na yule asiye na haraka.

Madalali nao, pasipo kukusudia, hutoa habari nyingi. Pale madalali watatu wanapompeleka mteja kwenye nyumba ileile kwa bei tatu tofauti, mnunuzi anafahamu kuwa ile ya chini kabisa ndiyo mwanzo wa mazungumzo, wala si mwisho wake. Dalali hulipwa kutokana na bei ya mauzo. Asitarajiwe kuwa mtetezi wa mnunuzi, hata awe mcheshi kiasi gani. Maneno "maongezi yapo" katika tangazo yanamaanisha hivyo hasa: muuzaji amekwishajiwekea nafasi ya kupunguza.

Nguvu nyingine ya mnunuzi ni fedha iliyo tayari. Ingawa sheria ya mwaka 2008 ilifungua njia ya mikopo ya nyumba, riba yake kwa miaka mingi imekuwa kati ya asilimia 15 na 19, na Watanzania wengi bado hujenga kidogokidogo. Soko linapopoa, mtu anayeweza kulipa ndani ya wiki chache ni adimu, na uadimu huo una thamani ya kudaiwa punguzo.

Hata hivyo, punguzo haliombwi kwa huruma. Linajengwa kwa hoja, na hoja nyingi zimo ndani ya hati. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma. Anachouziwa mnunuzi ni haki ya kuitumia kwa kipindi maalumu, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Nyumba ambayo hati yake ya miaka 33 imebakiza miaka sita haiwezi kuwa na bei sawa na jirani yake mwenye miaka 80 mbele. Malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi hukatwa kwenye bei. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia umeme wa LUKU, nayo iangaliwe.

Mipaka ni jambo zito zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kupisha upanuzi, na wapo waliozinunua wakiamini wamepata. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliwaacha wengine bila makazi. Hapa hakuna cha kupunguziwa: nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara au kwenye mkondo wa maji ni ghali hata kwa nusu bei.

Mvutano mkubwa huja kwenye kodi. Tuseme muuzaji alitumia Sh80 milioni kununua kiwanja na kujenga, na sasa anauza kwa Sh120 milioni. Faida yake ni Sh40 milioni, na kwa mkazi wa Tanzania kodi ya asilimia 10 ya faida hiyo ni Sh4 milioni. Ni deni la muuzaji, lakini wengi hujaribu kulisukumia kwa mnunuzi, au humshawishi waandike kwenye mkataba Sh90 milioni tu. Mnunuzi anayekubali amejifunga mwenyewe. Ugomvi ukitokea, karatasi inayosomwa mahakamani inasema Sh90 milioni; na siku atakapouza, faida yake kwenye vitabu itakuwa kubwa kuliko ilivyo kweli. Aidha, kuandika bei isiyo ya kweli ili kukwepa kodi ni kosa. Ni heri kubishana waziwazi nani alipe nini, kisha kukaandikwa.

Suala la sarafu nalo limerahisishwa: kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zilikataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, jambo lililokuwa la kawaida katika maeneo ya kifahari.

Makubaliano ya mdomo, hata mbele ya mjumbe, hayatoshi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa mauzo uwe wa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na saini hiyo moja inayokosekana imezua kesi nyingi.

Arbuni itolewe baada ya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati kuonyesha kuwa nyumba haina rehani wala zuio, na mkataba utaje siku ambayo fedha hiyo itarejeshwa endapo muuzaji atashindwa kukabidhi hati.