Mpenzi, Hiyo Breki Inalia Nini?

Desemba ikifika, mambo ni yale yale. Pikapu inatoka Dar alfajiri, nyuma imefungwa tela ya kuazima, na ndani ya tela kuna godoro la mama mkwe, friji na zawadi za watoto wa shemeji. Safari ya Upare hiyo. Chalinze mmepita, Korogwe mmepita, milima iko mkono wa kulia. Mnakaribia Hedaru, kama kilomita 50 hivi kabla ya Same mjini, bibie anapunguza redio: "Unasikia?" Bwana anairudisha juu. "Barabara tu hiyo."

Kina baba, hebu tuelewane hapa. Dereva ana usukani, malori na trafiki wa kuwaza. Aliyekaa pembeni ndiye mwenye masikio ya bure. Na tela iko nyuma kabisa. Kama sauti yake imefika mpaka mlipokaa, basi huko nyuma inapiga kelele kweli.

Hedaru ni mahali pazuri pa kusimama na kusikiliza. Mpaka hapo mmetembea kwenye lami, breki mnaigusa mara moja moja, na ubovu unajificha. Mkishakunja kuelekea milimani, ni vumbi na kona juu ya kona. Kupanda injini itasaidia. Siku ya kushuka, na magunia ya tangawizi juu, ndipo breki inapoulizwa swali lake.

Tafuteni uwanja tambarare usio na watu. Mmoja aendeshe mwendo wa baiskeli, vioo chini, mwingine asimame kando mbali kidogo. Swali la kwanza: sauti inakuja breki ikikanyagwa, au ipo muda wote magurudumu yakizunguka? Ikiwepo muda wote, na ikibadilika kwa mwendo tu, huenda ni beringi, si breki. Au ni kokoto iliyonasa kati ya diski na bati lake la kuzuia vumbi. Hiyo ya kokoto inatisha kuliko ubaya wake. Wakati mwingine ukirudi nyuma polepole inadondoka yenyewe.

Mlio mwembamba kama filimbi mnapokanyaga ni onyo. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kiguse diski pedi ikikaribia kuisha. Vumbi nalo huleta mlio huo huo. Lakini kama gari limelala nje kwenye ukungu wa mlimani, kelele za asubuhi ni kutu nyepesi tu, zinaisha mkishakanyaga mara tatu nne.

Kukwaruza, kama mtu anasaga chuma, ni habari nyingine kabisa. Hapo pedi imekwisha na chuma kinakula chuma. Hakuna "tufike kwanza". Watani zetu Wapare husemwa kwa kubana matumizi, lakini jamani, pedi si mahali pa kubania. Ukiichelewesha unanunua na diski.

Tela ina vituko vyake. Zipo ndogo zisizo na breki hata kidogo, mzigo wote unasimamishwa na gari. Zipo ambazo gari likipunguza mwendo, tela inasukuma mbele, shingo yake inaingia ndani na kuvuta waya wa breki. Hizo zikigonga "ko!" mnapokanyaga na "ko!" mnapoachia, angalieni kwanza pale zinapofungwa na gari: pamelegea. Na yale matela ya kulala watalii yenye breki za umeme huwa yananguruma kidogo yakishika. Hilo ni sumaku linafanya kazi, msihangaike.

Kisha joto. Endesheni dakika kumi bila kukanyaga sana, simameni, mpeleke mgongo wa mkono karibu na kila rimu. Karibu, si kugusa! Moja ikiwaka kuliko wenzake, breki yake imeng'ang'ania. Msimwagie maji, chuma cha moto hupasuka. Iacheni ipoe.

Fundi akifungua, mwambieni afungue pande zote mbili, na msikubali abadilishe pedi za upande mmoja. Gari litavuta upande mkikanyaga. Akiangalia pia mafuta ya breki ni vizuri, maana yakizeeka hunyonya maji, na yakichemka kwenye mteremko kanyagio linazama tu. Mkishuka, tumieni gia nzito, ile mliyopandia. Mkisikia harufu ya kuungua au kanyagio limelegea, egesheni, wekeni mawe kwenye magurudumu.

Na kama ni lile la kukwaruza na pedi hazipatikani leo? Acheni tela Hedaru kwa mtu mnayemwamini, pandeni na gari la abiria. Mama mkwe apigiwe simu mapema. Godoro litapanda kesho.