Deni Nililomficha Mchumba Wangu

*Kwa miaka mitano nilijiona mjanja wa mjini. Kisha nikaanza darasa la jioni kujiandaa na mtihani wa uhasibu, na somo moja la maadili likaniumbua mbele ya mtu ninayempenda.*

Mpenzi msomaji, hebu tuanze na swali dogo. Ni mara ngapi umefanya jambo unalojua kabisa si sawa, halafu ukajiambia, "Aah, kwani nani hafanyi?" Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe kimoyomoyo, nami nikupe la kwangu.

Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Nilisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ambayo imesomesha watoto kibao wa wakulima na wamachinga wa nchi hii. Bila ule mkopo na lile bumu, kama tulivyoziita fedha za kujikimu, leo ningekuwa nafanya kitu kingine kabisa. Nilimaliza mwaka 2018, na mwaka 2019 nikapata kazi.

Siku ya kuripoti nilipewa fomu ndefu ya ajira. Katikati yake kulikuwa na swali: je, umewahi kunufaika na mkopo wa elimu ya juu? Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikaweka alama kwenye "Hapana".

Ilikuwa sekunde moja tu. Ila kwa mshahara wa laki tisa, sekunde ile iliniokolea 135,000 kila mwezi, maana sheria inataka mnufaika akatwe asilimia 15 ya mshahara. Mwajiri ndiye anayetakiwa kumtolea taarifa mhitimu aliyemwajiri na kumkata, lakini mwajiri wangu aliniamini. Angejuaje?

Visingizio havikosi

Nilikuwa na sababu, tena nzuri tu. Wakati ule deni lilikuwa linaongezewa asilimia 6 kila mwaka, eti kulinda thamani ya mkopo, na vijana wengi tulilalamika kwamba tunalipa lakini deni halipungui. Nikajiambia, siku wakiondoa tozo hiyo, nitalipa kiungwana.

Mei Mosi ya mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba tozo hiyo inaondolewa. Wenzangu ofisini walishangilia. Na mimi nilishangilia, bwana! Kisha nikatafuta kisingizio kipya. Nikasema kwanza nimalize kununua kiwanja. Halafu kwanza mahari. Halafu kwanza harusi.

Kwa maana wakati huo nilikuwa nimempata mwenzangu. Ni mwalimu wa sekondari ya serikali huko Kibaha, na mtaani kwao kila mtu, hata muuza maandazi, anamwita Mwalimu. Basi na mimi humwita hivyo hivyo. Naye alisoma kwa mkopo kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye anakatwa. Kwa mshahara wake wa 790,000, kila mwezi huondoka 118,500 kabla hajaiona.

Siku za mshahara alikuwa ananipigia simu. "Wamenikata tena," anasema huku anacheka kinyonge. Na mimi, kwa sauti ya upole kabisa, namjibu, "Pole, mama. Vumilia, litaisha."

Hakuniuliza kama na mimi nakatwa. Alidhani nakatwa. Nami nilimwacha adhani.

Darasa la jioni

Katikati ya mwaka 2024 niliamua kusomea CPA, mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inayofanyika mwezi Mei na Novemba. Nia yangu haikuwa kukua kama mtu. Nia ilikuwa cheo na mshahara mnono. Ikawa natoka kazini, napanda mwendokasi kwenda katikati ya jiji, nakaa darasani hadi saa mbili usiku, tumbo likiwa na chai na karanga tu.

Jioni moja tulifundishwa maadili na mkaguzi mstaafu, mzee mpole mwenye miwani minene. Nilidhani ni kipindi cha kusinzia. Akaandika ubaoni misingi mitano inayomwongoza mhasibu popote duniani: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu katika kazi, kutunza siri, na mwenendo unaostahili taaluma. Tukanakili. Halafu akaandika matishio matano yanayoweza kuibomoa misingi hiyo. La kwanza kabisa: maslahi binafsi.

"Sikilizeni, wanangu," akasema. "Hakuna aliyekatazwa kuwa na maslahi. Hata mimi nimekuja hapa kwa sababu nalipwa. Tatizo ni pale maslahi yako yanapokaa kwenye kiti cha hakimu, halafu wewe mwenyewe hujui kwamba yamekaa."

Akaendelea na mengine. Kujikagua mwenyewe, yaani kuipitia kazi yako mwenyewe na kuipa alama nzuri. Utetezi, yaani kubeba upande mmoja mpaka unakuwa wakili wake. Mazoea, yaani ukaribu unaokufanya uone kosa ni jambo la kawaida. Na vitisho, mtu anapokubana ili upindishe kauli.

Nilikuwa naandika huku kalamu inapungua kasi. Maslahi: laki na ushee kila mwezi. Kujikagua: nilijihukumu mwenyewe na kujiachia huru. Utetezi: tozo, kiwanja, harusi. Mazoea: ofisini tulikuwa watatu wenye siri hiyo hiyo, tukicheka pamoja kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa na matishio manne kati ya matano, na lile la vitisho lilikosekana kwa sababu hakuna aliyenilazimisha. Nilijilaza mwenyewe.

Kabla hatujatoka, mzee akatupa kipimo. Ukiwa na wasiwasi na uamuzi wako, mfikirie mtu wa tatu, mwenye busara na mwenye taarifa zote. Je, naye angeona ulichofanya ni sawa? "Angalieni hayo maneno ya mwisho," akasisitiza. "Mwenye taarifa zote. Kama hoja yako inasimama tu pale mtu anapofichwa kitu, basi hiyo si hoja."

Mtu wangu wa tatu nilikuwa namjua. Alikuwa anaishi Kibaha.

Kalamu ikawa nzito

Ungedhani usiku huo huo nilimpigia simu. Thubutu! Nilikaa kimya wiki tatu. Kujua jambo na kulifanya si kitu kimoja, na atakayekwambia elimu pekee humbadilisha mtu, anakudanganya.

Kilichonifikisha mwisho ni shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anaomba mkopo wa Bodi hiyo hiyo. Maombi hujazwa mtandaoni, kisha kurasa za sahihi zinachapishwa, na mojawapo ni ya mdhamini. Baba yao ni marehemu. Jumapili moja, nikiwa nimekwenda kusalimia, mama yao akanivutia kiti barazani.

"Baba, wewe ndiye mhasibu wetu," akaniambia. "Tumekaa tukasema mkwe ndiye atakayemdhamini huyu mtoto."

Ilikuwa heshima kubwa. Bado hata mahari sijamaliza, na tayari nimeitwa mkwe! Shemeji akaniletea karatasi na kalamu kwa mikono miwili. Nikaisoma. Nilikuwa natakiwa kumdhamini kijana huyu kwa mkopo ambao siku moja atapaswa kuulipa. Mimi, niliyeandika "Hapana". Na marejesho ya watu kama mimi ni sehemu ya fedha zinazokopeshwa vijana kama yeye.

"Mama, naomba nirudi nayo kesho," nikasema. Shemeji alinitazama kwa mshangao. Mwalimu alinitazama zaidi.

Akanisindikiza hadi kituoni. Tukiwa tunasubiri basi, nikamwambia yote, kuanzia ile fomu ya mwaka 2019. Hakupiga kelele. Alikaa kimya mpaka basi la kwanza likaondoka.

"Unaniambia kwa sababu ni kweli," akauliza, "au kwa sababu ya fomu ya mdogo wangu?"

Nilitamani sana kusema la kwanza. "Kwa sababu ya fomu," nikamjibu.

"Angalau hapo umesema kweli." Akanyamaza tena. "Mimi sina tatizo na deni. Kila mtu ana deni. Tatizo langu ni kwamba uliniona nakatwa kila mwezi, ukanipa pole."

Basi la pili nililipanda peke yangu.

Gharama yake

Jumatatu nilikwenda ofisi ya rasilimali watu na kusema nilijaza fomu kwa uongo. Nikapewa barua ya onyo, ipo kwenye faili langu hadi leo. Kisha nikaenda Bodi. Wakaniuliza namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne tu, na maisha yangu yote yakatokea kwenye kompyuta. Deni: 10,200,000.

Sasa njoo tupige hesabu, maana hata ubinafsi unahitaji hesabu nzuri. Mshahara wangu siku hizi ni 1,400,000, hivyo nakatwa 210,000 kila mwezi. Nitalipa kwa miaka minne na kidogo. Kama ningeanza mwaka 2019, wakati huu ningekuwa karibu kumaliza, na ningeingia kwenye ndoa mwepesi. Badala yake nimeanza kulipa wakati wa mahari na harusi. Kiwanja cha Chanika malipo yake yanasuasua. Harusi tumeisogeza mbele. Ujanja wangu wote ule ulikuwa wa kuahirisha, tena kwa bei ya imani ya mtu.

Shemeji alidhaminiwa na mjomba wake, na mkopo akapata. Mama mkwe hakuwahi kuniuliza kwa nini. Nadhani anajua.

Kabla hujaendelea na safari yako

Sikuandika haya nikufanye ujisikie vibaya. Kutaka nafuu si dhambi, na maisha ya mjini ni magumu. Lakini kama una jambo lako moja umelifungia kabatini, jiulize maswali haya:

• Je, ningelifanya kama mwenzangu angekuwa amekaa pembeni anatazama?
• Sababu yangu ikiisha leo, nitaacha, au nitatafuta nyingine?
• Anayelipia nafuu yangu ni nani, na je, anajua?
• Nani nimemwacha adhani?

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Kwenye mapenzi tunaogopa sana uongo unaosemwa. Ule wa kumwacha mtu aendelee kudhani tunauita hekima.

Mtihani wa Novemba niliufanya, na karatasi ya maadili nilifaulu. Alama sizisemi. Lakini cheti hakikuwa kitu cha kwanza nilichompelekea Mwalimu. Tulikuwa hatujaonana karibu wiki tatu tangu siku ile ya kituoni, pale nilipopata karatasi yangu ya kwanza ya mshahara yenye mstari wa makato ya mkopo. Nikapanda basi hadi Kibaha nikampa aisome.

Akaisoma taratibu, kama anavyosahihisha madaftari, mpaka chini kabisa. Akaikunja, akanirudishia.

"Pole," akasema. "Vumilia, litaisha."

Nilistahili.